Bunduki ya Leva ya Mzee Mutiso

Wenzangu mnaobaki kaunta, Bwana Jaswant ameniomba niwaandikie niliyojifunza katika duka lake la bunduki hapa Birmingham kabla sijayasahau. Alitaka niandike kwa Kiingereza. Nikamwambia Kiingereza changu kimezoea kuuza, hakijui kusimulia, na kwa kuwa ninyi mnaoshika nafasi yangu mmoja ni wa Bukavu na mwingine wa Kisumu, nitaandika kwa lugha inayonitoka bila kusukumwa. Yeye mwenyewe kazaliwa Nakuru, atasoma. Akikwama kwenye ngeli, shauri yake.

Sitaandika mshahara wangu ulikuwa kiasi gani, wala nani alipandishwa cheo na nani alinuna. Hayo mtayasikia jikoni, kwenye birika la chai, ambako siri zote za duka hili hazijawahi kukaa zaidi ya asubuhi moja.

Mimi niliingia hapa kwa mlango wa cherehani. Natoka Tanga, kazi yangu ni kushona, na bunduki nilikuwa nimeziona tu begani kwa askari wa benki. Bwana Jaswant alitaka mtu wa kushona mifuko ya bunduki na mikanda ya ngozi. Nikakaa chumba cha nyuma na cherehani yangu, raha mustarehe, hadi siku aliyokwenda harusini Leicester na mtu wake wa kaunta akaamka mgonjwa. Akanipigia simu. "Bi Hawa, leo wewe simama mbele. Mtu ikikuja, ongea na yeye pole pole. Kitu hujui, ita Len."

Mteja wangu wa kwanza alikuwa bwana mmoja mpole mwenye masharubu. Akasema anataka snap caps. Mimi nikasikia hilo neno la pili tu, nikamletea kofia tatu: ya kijani, ya kahawia, na ile yenye masikio. Akazijaribu zote mbele ya kioo, akanunua ya kijani, akalipa, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwamba alichotaka hasa ni zile risasi bandia za kufanyia mazoezi ya kufyatua. Hapo nikajifunza kwamba Mwingereza yuko radhi anunue kofia asiyoitaka kuliko kukwambia umekosea. Muwaulize mara mbili.

Nyumbani sikutangaza kazi yangu. Nakaa Winson Green, na mtaa wenyewe una gereza, kwa hiyo ukisema unashughulika na bunduki watu watataka kujua unalinda au umetoroka. Kina mama wa madrasa waliponiuliza nauza nini, nikajibu vyuma. Mpaka leo wapo wanaoniuliza bei ya sufuria.

Aliyenifundisha kazi ni Len, fundi wetu wa ghorofani, mtoto wa mtaa wa Aston, Mungu amweke salama huko aliko pwani na mkewe. Aliniita "bab", neno kama "mpenzi" ambalo watu wa Birmingham humwita kila mtu, kuanzia mke hadi trafiki, kwa hiyo msije mkalichukulia moyoni kama nilivyolichukulia mimi wiki ya kwanza. Alinifundisha kufungua kila bunduki na kuchungulia kama ina kitu ndani hata kama umeifungua mwenyewe dakika iliyopita. Alinifundisha kutomtazama mteja usoni bali mabegani. Uso unanunua picha aliyoiona mteja kwenye sinema, alisema, bega ndilo litakalokuja kulalamika.

Ila kulikuwa na tabia moja ya Len iliyonikera. Hakumpa mteja bunduki mkononi hata siku moja. Akishahakikisha iko tupu, aliilaza kaunta, juu ya kile kitambaa cha kijani, akarudi nyuma na kukunja mikono. Kwetu mtu mzima humbwagii kitu mbele yake kama unamwagia kuku mtama. Unampa mkononi, kwa mkono wa kulia, na ukiwa umelelewa unainama kidogo. Niliona ni ukavu wa kizungu tu. Len akalaza bunduki zake, mimi nikaendelea kukabidhi kwa adabu za Tanga, na kila mmoja akamwona mwenzake wa ajabu.

Sasa niwaambie habari za leva, maana ndizo mtakazoulizwa sana Jumamosi. Bunduki ya leva ni ile yenye kishikio cha chuma chini, kama kitanzi. Unakisukuma, ganda linaruka nje. Unakirudisha, risasi nyingine inaingia. Wengi wanaitaka ile inayotumia risasi za bastola, kwa sababu ni nyepesi, haimpigi mtu bega, na unaweza kuipiga ndani ya ukumbi wa klabu bila kubomoa ukuta. Bastola zilipopigwa marufuku nchi hii mwishoni mwa miaka ya tisini, watu walirudisha bastola zao lakini mapenzi hawakuyarudisha. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa tunaletewa wazee wenye huzuni kama wafiwa, wakitaka kuonja tena bastola zao za kipimo cha thelathini na nane kwa mlango wa nyuma, kihalali. Msiwaharakishe. Kibali cha polisi humwandikia mtu aina na kipimo cha bunduki anayoruhusiwa kununua, na akishachagua vibaya hawezi kuja kubadilisha kama aliyenunua viatu.

Mmoja wao alikuwa Mzee Mutiso, Mkamba wa Machakos, dereva wa basi mstaafu, anakaa ghorofani kule Ladywood. Aliingia amevaa suti na tai, akasimama mbele ya rafu kama anayesoma matangazo ya vifo. Nikamwamkia shikamoo. Akageuka upesi mno.

"Marahaba. Kumbe hapa kuna watu?"

Nikamvutia kiti. Akanieleza kwamba kwenye klabu yake, iliyo kwenye ghala moja kuukuu upande wa Aston, alikuwa akipiga bastola na watu wanaacha zao kumtazama. "Ask anyone," akasema. Lakini tangu bastola zichukuliwe na apewe bunduki za klabu, zile za kuvuta komeo kila baada ya risasi, hapigi kitu. Amekuwa kichekesho. Na sasa kapteni wa timu amemwambia waziwazi: kwenye shindano la kufunga msimu akikosa tena, nafasi yake anapewa mtu mwingine, naye atahamia jikoni kusimamia chai.

"Chai ina ubaya gani, mzee wangu?" nikamuuliza.

"Chai niko nayo nyumbani. Bi Hawa, sikiza. Bus nimeacha. Watoto wako London. Mama Ndinda, mke wangu, yuko na choir yake na wagonjwa wake wa kanisa, yeye hakai. Hiyo club ndiyo inanitoa kwa nyumba. Nikiwekwa jikoni mara moja, sitarudi. Najijua. Nitakaa kwa hiyo flat nikihesabu mabasi ya wengine."

Alisema bila kujihurumia, na ndiyo maana iliniingia. Nikamwambia hatoki hapa bila bunduki inayomfaa, maneno ambayo muuzaji mwenye akili huwa hayasemi.

Bwana Jaswant alikuwa na moyo kwa mambo kama hayo. Alituruhusu Len na mimi tupeleke bunduki mbili tatu klabuni kila Jumatano jioni, mzee azijaribu mbele ya kapteni kabla hajanunua. Mzee Mutiso alianza na kipimo cha arobaini na nne, kwa sababu jina lake linajaza mdomo. Len alimwonya. Mimi nikampa mkononi, kwa heshima, naye akaipokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, bunduki nzima ya chuma na mti, kama anapokea ushirika. Akafyatua. Bunduki ikamsogeza nyuma, miwani ikahamia kwenye paji la uso. Shabaha ilibaki safi, unaweza kuiuza kama mpya.

"Ni kali," akasema, "lakini iko na heshima."

Heshima tukaiweka pembeni. Tukaja kwenye kipimo cha tatu hamsini na saba. Uzuri wa bunduki ya kipimo hicho ni kwamba inakubali pia risasi fupi za thelathini na nane, ambazo ni laini na hazichoshi mtu mzima. Lakini ile tuliyokuwa nayo Jumatano ya kwanza ilikuwa ya muundo wa kizamani unaorusha ganda juu, moja kwa moja, na mzee alikuwa ametoka kwenye ibada, kafungua tai na kola kwa ajili ya joto. Ganda la kwanza likapanda, likafikiri kidogo, likashuka na moto wake ndani ya shati. Nampa sifa zake: bunduki aliilaza mezani kwanza, mtutu ukielekea mbele, ndipo akacheza. Nimewahi kuona wachezaji wa Kikamba wakiruka hewani na kupinduka, watu wenye kipaji. Sidhani kama wangeona haya kumwalika mzee siku ile. Kapteni alilazimika kutoka nje acheke.

Tangu siku ile kila mteja wa leva namwambia avae kofia na afunge kola hadi juu. Nanyi mfanye hivyo. Wataona mnawasumbua, halafu watawashukuru.

Lakini shida yenyewe haikuwa kola. Mzee alikosa kwa ile ya kizamani, akakosa kwa nyingine. Alikwenda kupima macho, akarudi na miwani mipya ya bei mbaya, akakosa kwa uwazi zaidi. Len alimzunguka kama fundi anayezunguka gari lisilowaka. Mikono haitetemeki, akasema. Pumzi nzuri. Anafyatua taratibu. Sijui kinachomshinda.

Jumamosi moja kabla ya shindano Mzee Mutiso alikuja dukani kuniaga. Hakuwa na suti. Alivaa sweta, na mtu wa suti akikujia na sweta ujue mambo yameharibika. Akasema ameshukuru, tumehangaika naye vya kutosha, atamwambia kapteni amtoe mapema kuliko kusubiri aibu mbele ya watu, tena siku yenyewe ni ya kualika wake zao. Niliumia. Nilitaka kumshika mkono, lakini nilikuwa napaka mikanda mafuta ya ngozi na vidole vyote vilikuwa vinateleza. Nikapiga kelele kwa Len alete ile tatu hamsini na saba iliyoingia juzi, mzee aitazame tu, kutazama hakuna kodi.

Len akashuka. Akaifungua, akachungulia, akailaza juu ya kitambaa cha kijani, akarudi nyuma akakunja mikono.

Basi Mzee Mutiso akaiangalia. Hakuna aliyempa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwonyesha adabu. Mkono wa kushoto ndio uliotangulia. Uliichukua bunduki ile, ukaipandisha bega la kushoto, shavu likalala kwenye mti, jicho la kushoto likaangalia ukutani, na leva ikashuka na kupanda, laini, kama mtu anayefungua mlango wa nyumbani kwake gizani. Sijawahi kumwona ametulia vile. Kisha akaniona namtazama. Akaihamishia kulia haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Mzee," nikasema, "wewe ni mashoto."

"Hapana."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona vibaya." Akaiweka bunduki chini, akajifuta viganja kwenye sweta. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba shangazi aliyemlea alikuwa akimfunga mkono ule kwa leso wakati wa kula, na mwalimu naye akaumalizia shuleni. Ukapona. Anaandika kwa kulia, anakula kwa kulia, anasalimia kwa kulia. "Hii kitu iliisha kitambo."

"Na bastola ulikuwa unapiga kwa mkono gani?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Na huu. Lakini bastola ilikuwa yangu, Bi Hawa. Naitoa kwa box mwenyewe, hakuna mtu ananipatia. Na pale club ni wazungu watupu, nani atapeleka story Machakos? Sasa hizi bunduki za club, captain anakupatia kwa mkono. Mtu mzima akikupatia kitu, utapokea na kushoto?"

"Siwezi," nikasema, na ni kweli siwezi.

"Basi. Ukipokea na kulia, inakaa kulia."

Nikakumbuka Jumatano zote zile nilivyokuwa namkabidhi, kwa mkono wa kulia, nimeinama vizuri, namsukumia kila bunduki kwenye bega lisilo lake. Len alikuwa anatutazama kama mtu anayeangalia mpira unaotangazwa kwa lugha nyingine. Nikamfasiria. Akauliza, sasa kwa nini hakusema, mbona hata mamake Len alikuwa hivyo? Nikamweleza kwamba kwetu mkono wa kushoto umepangiwa kazi yake maalumu, nayo haitajwi kaunta. Len akafikiri, akaelewa, akatazama mikono yake yote miwili, akapanda juu kutengeneza chai.

Kwa hiyo, wenzangu, ilazeni. Msimpe mtu bunduki mkononi, hasa akiwa wa kwetu. Ilazeni mwone mkono upi unaifuata. Len hakuwa mkavu. Alikuwa anapima.

Na mashoto muuzieni leva, kwa sababu kishikio chake kiko katikati, hakibagui. Bunduki ya komeo imeundwa kwa ajili ya mkono wa kulia, na ya kushoto mtaisubiri hadi mzeeke. Angalieni tu ganda linarukia wapi. Ile ya Mzee Mutiso ilirusha kulia na mbele, mbali na pua yake. Tulihakikisha inameza risasi fupi za thelathini na nane bila kukwama, maana zipo zinazozikataa. Len akaifungia tundu dogo la kulengea badala ya ile alama ya kizamani, kwa ajili ya macho ya mtu mzima. Jumatano iliyofuata mzee aliweka risasi zake zote pale katikati, na kapteni hakutoka nje kucheka.

Lakini Mzee Mutiso hakufurahi. Alinivuta pembeni. "Mama Ndinda anakuja siku ya match."

"Si vizuri?"

"Yeye ni binti ya mzee wa kanisa. Hajui hii maneno. Miaka yote hii ya ndoa sijamwonyesha. Sasa aje anione mbele ya watu nimekamata bunduki na huu?"

Nikamwambia Mama Ndinda atatazama shabaha, hatatazama mkono.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa harufu ya baruti na soseji. Mama Ndinda alikaa kati yangu na Len, mama mfupi mnene, kofia ya kanisani imebanwa na vile vya kuzibia masikio, chupa ya chai mapajani. Mzee aliitwa. Akaenda mezani, akatazama nyuma mara moja tulipokaa, akaipandisha bunduki bega la kulia.

Len alishusha pumzi ndefu. Mimi nikasoma dua zote ninazozijua. Raundi ya kwanza ikaisha, na risasi zilizogusa karatasi zilikuwa za kuhesabu kwa kidole kimoja. Nikamwona kapteni anatupia jicho jikoni. Nilikasirika, niwaambie ukweli, sikujua nimkasirikie nani, yule shangazi na leso yake au mimi mwenyewe.

Raundi ya pili ilipotangazwa, Mzee Mutiso hakuishika bunduki. Aliiacha mezani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akafunga kola. Kisha akaichukua kwa mkono wa kushoto, bila haraka, akaiegemeza bega lake lenyewe, akaanza. Leva chini, leva juu. Maganda yakawa yanaruka upande mmoja kama punje zinazopepetwa. Watu wakaacha zao. Alipomaliza, kapteni aliivuta karatasi karibu, akaiinua kwenye taa, na katikati yake palikuwa na tundu moja lililochanika ambamo ungeweza kupitisha kikombe.

Hakushinda, raundi ya kwanza ilikuwa imeshamzamisha. Lakini kapteni alimwendea mbele ya wote akamwambia nafasi ni yake, na msimu ujao aje na mkono huohuo.

Mzee akarudi kwetu anatazama sakafu. Hata karatasi yake hakuichukua. Akasimama mbele ya mkewe. "Mama Ndinda, kuna kitu sijawahi kukwambia."

"Kwamba wewe ni mashoto?"

Mzee akautazama mkono wake wa kushoto.

"Nilijua ile wiki tulioana. Uliamka kumenya viazi, ukafikiri nimelala."

"Na mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?" Akamimina chai, akamwekea kikombe, kisha akanigeukia mimi, maana mzee alikuwa ameshaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Dada, ule mkasi wa kwetu nyumbani niliununua wa mashoto. Nikamwambia dukani haikuwa nyingine. Yeye, nikigeuka, anakata nayo sawasawa. Mimi uniform za choir zote nimekata nayo tangu tufike Birmingham, na huyu anakaa hapo kwa kiti ananiambia sijui kukata."

Mimi ni mshonaji. Najua mkasi usio wa mkono wako: kitambaa kinajikunja katikati ya meno badala ya kukatika, na ule mviringo unakusugua gumba palepale kila siku. Nikakitazama kidole gumba cha Mama Ndinda, kilichoshika kifuniko cha chupa. Kilikuwa na sugu.